Kombora Likipigwa Angani, Nani Anaumia?



Tarehe 15 Novemba 2021 jeshi la Urusi lilirusha kombora kutoka Plesetsk, kaskazini mwa nchi hiyo, likaipiga setilaiti ya Urusi yenyewe iliyoitwa Cosmos 1408. Ilikuwa setilaiti ya kijasusi, iliyopelekwa angani mwaka 1982 enzi za Usovieti, yenye uzito wa tani mbili hivi, na ilikuwa imekufa kwa miaka mingi. Kwa pigo moja ikawa zaidi ya vipande 1,500 vikubwa vya kutosha kuonekana kwenye rada, na vingine vidogo visivyohesabika. Siku hiyohiyo watu saba waliokuwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga waliamriwa waingie katika vyombo vyao vya kurudia duniani, wafunge milango, wasubiri. Wanne walikuwa Wamarekani, mmoja Mjerumani, na wawili Warusi.

Nimewataja hao Warusi wawili kwa makusudi. Jeshi la nchi yao ndilo lililofyatua, na wao ndio waliojifungia pamoja na wenzao wakiomba vyuma viwapitie mbali. Ninachotaka kukitetea mbele yenu ni hiki: katika anga za juu, anayepiga hana uwezo wa kumchagua atakayeumia. Kwa hiyo hata nchi isiyo na kombora wala setilaiti ya kijeshi imo ndani ya mashindano haya, ipende isipende. Wizara zetu za ulinzi na za mambo ya nje zinapaswa kulihesabu jambo hili kuwa la usalama wa taifa, wala si la kuachiwa wanasayansi peke yao.

Tuangalie kwanza jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Setilaiti iliyo karibu na dunia hukimbia kilomita saba na nusu hivi kwa kila sekunde. Kwa dakika moja ingetoka Mombasa ikafika Nairobi. Kwa kasi hiyo kipande cha chuma cha sentimita moja kinatosha kuiua setilaiti nzima. Vipande hivyo hukaa huko juu kwa muda gani? Hilo huamuliwa na kimo. Kwenye kilomita 300 bado kuna hewa kidogo, nayo huvivuta vipande polepole hadi viungue ndani ya miezi. Ukipanda hadi kilomita 800 na zaidi, hewa ni haba mno, na mabaki hukaa miongo mingi.

Uchina ilipoipiga setilaiti yake ya hali ya hewa, Fengyun-1C, tarehe 11 Januari 2007, kimo kilikuwa kilomita 865 hivi. Vipande zaidi ya 3,000 vilihesabiwa, na sehemu kubwa ya vipande hivyo ingali inazunguka usiku huu. Waliofanya uamuzi ule baadhi yao wameshastaafu, na wajukuu wao watazeeka kabla anga haijasafika. Miezi miwili baada ya pigo lile, Machi 2007, M-Pesa ilianza kazi nchini Kenya. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili wakati ule, na hakukuwa na sababu ya kuyaunganisha. Nitayarudia.

Marekani ilikuwa imeshapiga setilaiti yake kwa kombora lililorushwa kutoka ndege ya F-15 mwezi Septemba 1985, na mwezi Februari 2008 manowari yake Lake Erie iliipiga nyingine, USA-193, juu ya bahari ya Pasifiki. Machi 2019 ilikuwa zamu ya India. Waziri Mkuu Narendra Modi aliwatangazia wananchi wake kwamba India imeingia katika kundi la nchi chache zenye uwezo huo, na wataalamu wake wakasema mabaki yataungua ndani ya wiki chache kwa kuwa kimo kilikuwa kilomita 280 tu. Mengi yaliungua kweli. Lakini pigo lilivirusha baadhi ya vipande juu zaidi ya pale setilaiti ilipokuwa, na vingine vilikaa zaidi ya mwaka. Hata aliyechukua tahadhari hakuweza kuviamuru.

Kila moja ya nchi hizo nne ilipiga mali yake mwenyewe. Hakuna nchi iliyowahi kuiangusha setilaiti ya adui kwa kombora. Haya yalikuwa majaribio ya kuonyeshana, na aliyelengwa na ujumbe alikuwa nchi nyingine. Wavuvi wa pwani yetu wanaijua hesabu hii kutokana na baruti. Anayelipua hupata samaki wa siku moja, na mwamba hubaki mfu kwa kizazi kizima, kwake na kwa jirani yake asiyewahi kushika baruti maishani.

Kwa nini wakubwa wanaona thamani katika kitu chenye hasara hivi? Kwa sababu jeshi la kisasa limeyapeleka angani macho yake, masikio yake na saa yake. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, vifaru vya Marekani na washirika wake vilipita jangwani kusikokuwa na barabara vikiongozwa na GPS, na majeshi mengine yakajifunza somo: ukimpofusha mwenzako angani, umemdhoofisha ardhini. Tangu hapo mambo yameendelea kupanuka. Marekani iliunda tawi zima la jeshi kwa ajili ya anga za juu mwezi Desemba 2019. Ufaransa iliunda kamandi yake mwaka huohuo. Uchina iliunda upya vikosi vyake vya anga za juu mwezi Aprili 2024. Januari 2022 chombo cha Kichina, SJ-21, kiliikamata setilaiti ya Kichina iliyokufa kikaivuta hadi njia ya mbali, mahali pa kuzikia setilaiti. Kazi hiyo ni usafi, na inastahili pongezi. Lakini mkono unaoweza kuvuta setilaiti iliyokufa unaweza kuvuta iliyo hai, na anayetazama kutoka ardhini hawezi kuisoma nia.

Hapo ndipo hatari kubwa kuliko zote ilipo, nami nawaomba msiipite haraka. Baadhi ya setilaiti zilizo angani kazi yake ni kuona moto wa makombora ya nyuklia pindi yanaporushwa. Nchi ikizipoteza ghafla, iwe kwa kipande cha chuma au kwa chombo kilichosogea karibu mno, itajiuliza kama hiyo ni ajali au ni mwanzo wa shambulio. Muda wa kujiuliza ni wa dakika. Ajali ya angani inaweza kusomwa kuwa tangazo la vita na watu waliochoka, usiku wa manane, wasio na njia ya kuuliza.

Silaha ya nyuklia yenyewe imeshalipuliwa huko juu. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatani 1.4 kwenye kimo cha kilomita 400 juu ya kisiwa cha Johnston, katika jaribio lililoitwa Starfish Prime. Huko Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo, taa za barabarani zilizimika. Mionzi iliyobaki angani ikaziharibu setilaiti kadhaa, na tazameni ni za nani: Ariel 1, setilaiti ya kwanza ya Uingereza, rafiki mkubwa wa Marekani; na Telstar, setilaiti ya mawasiliano ya kampuni ya Kimarekani, iliyorushwa siku moja tu baada ya mlipuko. Bomu la Marekani liliiumiza Marekani na rafiki yake.

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 ulikataza kuweka silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi katika mzunguko wa dunia. Haukukataza silaha za kawaida, na haukukataza kombora linalopanda kutoka ardhini likapiga na kuanguka. Majaribio yote ya makombora niliyoyataja yamepita katika tundu hilo. Na hata kile kilichokatazwa sasa kinatiliwa shaka. Mwaka 2024 Marekani ilisema Urusi inatengeneza silaha ya nyuklia ya kuharibu setilaiti, Urusi ilikanusha. Aprili mwaka huo Marekani na Japani zilipeleka mbele ya Baraza la Usalama azimio la kuthibitisha katazo la 1967. Nchi 13 ziliunga mkono, Uchina haikuchagua upande wowote, Urusi ikatumia kura ya turufu. Katika hizo 13 zilikuwamo nchi tatu za Afrika: Algeria, Sierra Leone na jirani yetu Msumbiji.

Kuna wanaosema mambo haya yako mbali na sisi. Mimi nasema yalishatufikia zamani, tena kabla ya uhuru wa Zanzibar. Mwaka 1962 John Glenn alipokuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, moja ya vituo vilivyosikiliza sauti yake na kupima mapigo ya moyo wake kilikuwa Tunguu, Unguja. Shirika la anga la Marekani lilikuwa limekijenga kwa ajili ya safari hizo. Visiwani kulikuwa na mabishano na maandamano, kwa kuwa watu walihofu kwamba ni kambi ya makombora iliyovishwa nguo za sayansi. Wamarekani walijibu kwamba ni sayansi tupu. Nikiyapima leo, naona pande zote mbili zilishika ukweli. Kituo kile hakikuwa na kombora hata moja. Lakini roketi ya Atlas iliyombeba Glenn ilikuwa kombora la masafa marefu lililofanyiwa marekebisho, na lilitengenezwa kwanza kubeba bomu. Mwananchi wa Tunguu aliyeuliza ile mitambo ni ya nini aliuliza swali ambalo Umoja wa Mataifa haujalijibu mpaka leo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kituo kifungwe. Kikafungwa, kazi yake ikahamia Madagaska.

Malindi ilikuwa na bahati nyingine. Kwenye majukwaa ya chuma baharini, Waitaliano chini ya Luigi Broglio walirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988, na ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi ya kuchunguza nyota kwa eksirei. Kituo hicho kingali kinafanya kazi, na Uchina nayo imewahi kuitumia Malindi kufuatilia vyombo vyake vya Shenzhou. Watu wanaifuata ikweta kwa sababu dunia huzunguka kwa kasi zaidi hapo, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa msukumo wa bure.

Mwaka 1976 Kenya, Uganda, Zaire na Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi za ikweta zilizotoa Tamko la Bogotá, zikidai kwamba njia ya setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta ni sehemu ya mali yao ya asili. Kisheria dai hilo lilikuwa dhaifu, maana mkataba wa 1967 unasema hakuna nchi inayomiliki anga za juu, na dunia haikulikubali. Hata hivyo nawaheshimu waliolitia saini. Waliona mapema kwamba huko juu kuna nafasi zenye thamani, kwamba zitagombewa, na kwamba asiyesema atahesabiwa hayupo.

Sasa turudi kwenye pesa za simu. Setilaiti za GPS, zaidi ya 30, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200, na kila moja imebeba saa za atomiki. Wengi wetu tunazijua kwa ramani. Kazi yao kubwa isiyoonekana ni kugawa saa. Minara ya simu inahitaji kukubaliana saa kwa usahihi wa sehemu za milioni za sekunde. Mabenki na mitambo ya umeme nayo inahitaji saa moja. Mtu akituma pesa kutoka Kisumu kwenda Lamu, hakuna setilaiti inayozibeba, lakini mtandao unaozibeba mara nyingi unapokea saa yake kutoka kwa setilaiti zinazoendeshwa na jeshi la Marekani. Rais Reagan aliahidi kuifungua huduma hiyo kwa raia baada ya Usovieti kuitungua ndege ya abiria ya Korea mwezi Septemba 1983, na hadi Mei 2000 usahihi wa raia ulikuwa ukipunguzwa kwa makusudi. Uamuzi wa kufungua haukupitia Nairobi wala Dodoma, na wa kufunga hautapitia.

Na kuinyamazisha saa hiyo hakuhitaji kombora. Mawimbi yake yakifika ardhini ni hafifu sana, na kifaa kidogo cha redio kinaweza kuyazima au kutangaza mawimbi ya uongo. Mwezi Aprili 2024 shirika la ndege la Finnair lilisitisha kwa mwezi mmoja safari za Tartu, Estonia, kwa sababu mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilipanda mwamba karibu na Jeddah, na wachambuzi wa usafiri wa majini wakahusisha ajali hiyo na mawimbi ya uongo. Bahari ya Shamu ni njia ya mizigo inayokuja Mombasa na Dar es Salaam. Na tarehe 24 Februari 2022, saa moja hivi kabla Urusi haijaivamia Ukraine, wadukuzi waliharibu maelfu ya vifaa vya intaneti ya setilaiti iitwayo KA-SAT. Walilenga mawasiliano ya Ukraine. Waliokatika pamoja nao ni pamoja na mitambo 5,800 ya umeme wa upepo, mingi nchini Ujerumani, ambayo mafundi walishindwa kuiongoza kwa mbali. Hapa napo pigo halikuchagua.

Tumepeleka vyetu pia huko juu. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, ya Rwanda mwaka 2019 na ya Uganda mwaka 2022 zote zilitolewa angani kupitia kituo kilekile ambacho wakazi wake walijifungia mwezi Novemba 2021. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa Aprili 2023 kusaidia kilimo na kufuatilia ukame, nayo ikawekwa kwenye kimo cha kilomita 500 na kidogo, karibu kabisa na pale Cosmos 1408 ilipovunjwa. Na maonyo ya kugongana ambayo wenye setilaiti duniani kote huyategemea hutoka kwa kiasi kikubwa katika orodha ya jeshi la Marekani. Naishukuru huduma hiyo kwa dhati. Lakini taifa linaloambiwa na jeshi la wengine kile kinachopita juu ya paa lake lina pengo la usalama, hata kama anayeliambia ni rafiki.

Pengo hilo lilionekana tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Pete ya chuma yenye kipenyo cha mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini hapo kutoka juu. Shirika la Anga la Kenya lilisema inaelekea kuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Swali la kwanza la wanakijiji lilikuwa la mtu mwenye akili timamu: hiki ni cha nani? Kulijibu kunataka kumbukumbu za kilichokuwa kikipita juu siku hiyo, na kumbukumbu hizo ziko kwa wengine.

Kanada iliwahi kuulizwa swali hilo na ikaweza kulijibu. Mwezi Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, iliangukia kaskazini mwa nchi hiyo. Mwenyewe alijulikana, Kanada ikadai dola milioni 6, na mwaka 1981 Usovieti ukalipa milioni 3. Msingi wa dai ulikuwamo katika mkataba wa fidia wa 1972: uharibifu uliotokea ardhini hulipwa bila kuthibitisha kosa la mtu.

Angani mkataba huohuo unasema vingine, na hapa naomba wanafunzi wa sheria wanisikilize. Setilaiti yako ikigongwa huko juu, hulipwi mpaka uthibitishe kwamba mwenye kipande alikosea. Sasa chukueni mfano kwamba Taifa-1 imegongwa na kipande cha jaribio la kijeshi. Kenya itasema nini mahakamani, ilhali hakuna sheria inayokataza jaribio lenyewe? Mwenye kombora atajibu kwamba alifanya lililo halali.

Ndiyo maana nasisitiza marufuku ya majaribio haya kwa sababu za kisheria na za kiusalama. Aprili 2022 Marekani ilitangaza kwamba haitafanya tena majaribio ya makombora ya kuvunja setilaiti, na Desemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaziomba nchi zote zifanye vivyo hivyo, kwa kura 155 dhidi ya 9, nchi 9 zikiacha kuchagua upande. Urusi na Uchina zilikuwa miongoni mwa waliokataa. Azimio hilo halimfungi mtu, na Marekani yenyewe ilishafanya majaribio yake kabla ya kuahidi. Nalikubali hilo. Lakini ahadi ikigeuka kuwa mkataba wenye nguvu ya sheria, kutengeneza mabaki kwa makusudi kutakuwa kosa kuanzia sekunde ya pigo, na nchi ndogo iliyogongwa haitakuwa tena na mzigo wa kulithibitisha kosa. Itabaki na kazi moja tu, ya kuonyesha kipande kilikuwa cha nani.

Kazi hiyo tunaweza kuianza. Malindi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma wameshaweka darubini za kufuatilia taka za angani. Makubaliano mapya ya Kenya na Italia kuhusu kituo hicho, yaliyotiwa saini mwaka 2016, yanazungumzia mafunzo na ushirikiano wa data. Watumwe vijana wetu wakae kwenye darubini hizo na wajenge kumbukumbu yetu wenyewe, Wakenya pamoja na Watanzania, Waganda na Wanyarwanda, na kumbukumbu hiyo ifike kwenye Shirika la Anga la Afrika lililofunguliwa Cairo mwezi Aprili 2025. Maabara ya saa ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, jijini Nairobi ipewe mashine na watu wa kutosha kugawia mitandao ya simu na mabenki saa ya akiba. Na Umoja wa Mataifa una kikundi kazi cha kuzuia mashindano ya silaha angani, ambacho muda wake unafika hadi 2028. Wajumbe wetu wapelekwe huko wakiwa na wanasheria, wakiwa na andiko la kifungu kimoja kinachosema kwamba anayevunja chombo angani kwa makusudi anawajibika kwa kila kipande, popote kitakapogonga, kwa muda wote kitakapokuwa juu.